Asilimia 36

Siku sita zimepita na bado namjibu mama yule nikiwa napiga mswaki.

Jumamosi, kama kawaida yangu tangu mvua zianze, nilipanda baiskeli alfajiri nikashika barabara ya Kipushi. Udhaifu wangu mnaujua: wenzangu huenda kuangalia mpira, mimi naenda kuangalia vichuguu. Kipushi ni kama kilomita 30 kutoka Lubumbashi, lakini sikufika hata nusu. Akina mama walikuwa wamepanga uyoga kando ya barabara, mafungu mafungu, na kwenye beseni moja ulilala mmoja mpana kuliko usukani wa taksi-basi. Nikafunga breki.

Nikatoa simu, nikaupiga picha, nikasubiri ile programu ya kutambua mimea imalize kufikiri. Ikaleta jibu: Termitomyces titanicus, asilimia 64. Nikamwonyesha mwenye beseni kwa fahari, utadhani ni mimi niliyeuotesha. Akauliza hiyo namba ni ya nini. Nikamweleza kwamba simu ina uhakika kiasi hicho.

"Na ile trente-six, ile thelathini na sita yenye inabakia, papa, ni nani atakula?"

Wenzake walicheka hadi mmoja akaegemea mti. Ningenyamaza hapo ningesalimika. Lakini mdomo wangu ukasema, "Mama, programu bado inajifunza."

"Basi ijifunzie kwenu."

Tangu siku hiyo nimetunga majibu. La Jumatatu lilikuwa kwamba hata daktari huanza kwa kukisia. La Jumanne lilikuwa la Kifaransa, refu, na nina hakika lingenifanya nipigwe na uyoga wenyewe. Nilichojua kuhusu uyoga huo nilikisoma: kwamba mchwa ndio wanaoulima humo ndani ya kichuguu, kwamba kofia yake inaweza kufika mita moja, kwamba jina hilo la kisayansi ulipewa mwaka 1980 kutokana na uyoga wa hapo jirani, Zambia. Yeye kofia hakuitazama kabisa. Aliugeuza, akakwangua udongo kwa ukucha wa kidole gumba, akanionyesha mguu wake unavyoendelea chini, ukizidi kuchongoka kama mkia wa panya. Akavunja kipande akanipa ninuse. "Miye naangaliaka huku." Picha yangu nilikuwa nimeipigia juu tu.

Wiki yenyewe imekwenda: shemeji amejifungua msichana, umeme haukuwapo siku tatu, yule mteja wa malori hatimaye ametia saini.

Ila Jumatano jioni kijana wetu mpya kazini, anayeandika programu, alikuja na kompyuta mkononi, uso unang'aa. Majaribio 194 kati ya 200 ya mfumo wa malori yamepita, tutume? Nikajisikia nikisema, "Na zile sita, ni nani atakula?" Alinitazama kama mtu anayetaka kuuliza iwapo nimelala. Tukakaa. Tano kati ya hizo sita zilikuwa kosa moja: lori likiingia tarehe 31 usiku na kutoka tarehe 1 asubuhi, mfumo unahesabu kwamba halijatoka bado, na mwenye lori anazidi kulipishwa maegesho. Tulimaliza saa tatu usiku, tukacheka sana, na sikumweleza maneno yale niliyatoa wapi. Sasa naona aibu kidogo kwa kutomweleza. Maneno ya mama yule yangebaki yake mwenyewe.

Uyoga niliununua, bila shaka. Baada ya maneno yale ningeondokaje mikono mitupu? Nikaufunga nyuma ya baiskeli na kuupeleka mtaa wa Katuba kwa mama yangu. Hakuuliza bei. Aliuliza muuzaji anakaa sehemu gani ya barabara, na nilipomweleza akasema, "Ule anajua," basi. Akaupika na unga wa karanga, tukala na bukari, ugali wetu, simu ikiwa mfukoni.

Alipoinuka kunisindikiza getini alishika ukuta. Mlango, kisha ukuta, kisha ule mparachichi. Nikamuuliza, akasema miguu imelala kwa kukaa sana. Mwezi wa tisa alikuwa akinitangulia mimi. Yaya, mkubwa wangu, bado sijamwambia.