Corolla 100 inayogonga chini: kumbukumbu ya mradi, Malindi

Gari ni Toyota Corolla AE100 ya 1994, gia za mkono, usukani wa pawa. Malalamiko ni manne: likipigwa breki linavuta kushoto, kwenye matuta linagonga "kok, kok" upande wa mbele kushoto, usukani unatetemeka likifika kilomita 80 hadi 90 kwa saa, na tairi la mbele kushoto limelika ukingo wa ndani. Safari zake ni mjini, Mambrui na Gede, pamoja na njia za ndani zenye mawe ya matumbawe yaliyochongoka.

Siku ya kwanza: kutafuta tu

Hakuna spea iliyonunuliwa siku hii. Gari likilia chini watu hukimbilia shoki, ilhali shoki iliyokwisha mara nyingi huliacha gari likinesanesa, na mlio mkavu wa chuma kwa chuma hutoka zaidi kwenye kiungo kilicholegea. Shoki za gari hili ni kavu, hazivuji, na boneti likikandamizwa na kuachiwa hupanda mara moja na kutulia. Zimeachwa.

Upepo ulipimwa tairi zikiwa baridi: kulia psi 30, kushoto 22. Zote zikajazwa 30, kisha tairi mbili za mbele zikabadilishana pande. Kama kasoro ni ya tairi, mvuto huhama nalo. Haukuhama.

Baada ya hapo, gari likiwa chini na injini ikiunguruma, mmoja anachezesha usukani kidogo kidogo kushoto na kulia, mwingine ameweka kidole kwenye tairodi endi, yaani kiungo cha mwisho wa fimbo ya usukani, karibu na gurudumu. Kiungo kizima huenda pamoja kama kipande kimoja. Kilicholika husikika kikichelewa, halafu kikagota. Cha kushoto kiligota. Ukingo wa usukani ulicheza milimita 40 kabla ya magurudumu kuitika, na kipimo cha mwisho cha Toyota ni 30.

Gurudumu likainuliwa. Ardhi ya Malindi ni mchanga, kwa hiyo jeki inakaa juu ya ubao mpana, na gari linapumzika juu ya stendi ya chuma. Tofali la matumbawe halifai hata kidogo: hupasuka bila onyo, na anayeumia ni aliye chini ya gari. Tairi likitikiswa kwa mikono kushoto na kulia, anayecheza ni tairodi endi au raki endi (kiungo cha ndani cha fimbo hiyo hiyo). Likitikiswa juu na chini, ni boljointi (kiungo cha chini cha gurudumu) au beringi. Mtu akanyage breki, na mchezo ukipotea ni beringi, ukibaki ni boljointi. Hapa juu na chini palikuwa kimya.

Mwisho mtalimbo ukaingizwa kati ya mkono wa chini, chuma kinachounganisha gurudumu na fremu, na fremu yenyewe. Bushi ya nyuma ya mkono huo ilifunguka kama mdomo: mpira umeachana na chuma. Hapo malalamiko matatu yakaanza kuelezeka kwa pamoja. Breki ikishika, gurudumu linasukumwa nyuma, bushi haliwezi kulizuia, mwelekeo unabadilika na tairi linajikwaruza.

Siku ya pili: tairodi endi

Hewa ya pwani ina chumvi, na kutu ndiyo ushuru wake. Nati zote zilisuguliwa kwa brashi ya waya na kulowekwa mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake jioni. Nati ya kufungia kwenye fimbo hulegezwa robo mzunguko tu, ili ibaki alama ya mahali pa kurudi. Kisha pini hutolewa, nati kubwa hulegezwa bila kutolewa kabisa, na lile tundu la chuma linaloshika kiungo hupigwa nyundo ubavuni. Ukipiga ncha ya uzi, umeharibu uzi na kiungo hakijatoka. Wakati wa kukifungua, hesabu mizunguko: hiki kilitoka kwa 17, kipya kikaingia kwa 17.

Nati ilikazwa Nm 49 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza) na kuwekwa pini mpya. Tundu la pini lisipolingana, endelea kukaza hadi lilingane; kurudisha nyuma ni kuacha kiungo kikiwa legevu. Mpira unaofunika raki (mtambo wa usukani) upande huo ulikuwa umepasuka, ukabadilishwa papo hapo. Ndani hapakuwa na mafuta, maana yake sili za raki bado nzima.

Siku ya tatu: bushi

Hii ndiyo kazi inayoharibiwa zaidi. Mkono wa chini ulitolewa na bushi kuu zote mbili zikapelekwa kwenye mashine ya presi. Kabla ya kuondoa ya zamani, alama ilichorwa kwenye chuma kuonyesha matundu ya mpira yanatazama wapi. Bushi likiingia limegeuka, halitakaa hata msimu mmoja. Baadhi ya mafundi huchoma mpira kwa moto ili utoke upesi. Moshi wake ni sumu na joto linaweza kudhoofisha mkono wenyewe. Hapa ulikatwa kwa msumeno.

Bolti ilipakwa grisi mwilini, pale inapopita ndani ya bushi, kwa sababu hapo ndipo chumvi huigandisha. Uzi uliachwa mkavu ili kipimo cha kukaza kisidanganye.

Kisha jambo la msingi kabisa: bolti za bushi zilishikizwa tu gari likiwa hewani, na kukazwa kabisa baada ya magurudumu kukanyaga chini na gari kutikiswa mara kadhaa. Mpira wa bushi umegandishwa kwenye chuma cha kati, hauzunguki; hujipinda. Ukikaza gurudumu likining'inia, gari likishuka mpira unabaki umesokotwa muda wote, na baada ya miezi michache umechanika tena. Mwenye gari atalaumu spea, kumbe ni ukazaji.

Siku ya nne: kunyoosha na kujaribu

Kamba ilivutwa ubavuni mwa gari, na umbali kati ya tairi mbili za mbele ukapimwa mbele na nyuma. Lengo ni mbele kuwe kufinyu kwa milimita 1 hivi. Fimbo za pande zote mbili huzungushwa sawasawa, la sivyo usukani utakaa mshazari. Kamba inatosha kulifikisha gari kwenye mashine ya alaimenti. Haichukui nafasi yake.

Mgongano umekwisha. Mtetemeko ulitoka kwa tope lililokauka ndani ya ringi. Lilikwanguliwa, tairi zikabalansiwa. Lakini mvuto wa breki ulipungua tu. Kalipa ya kulia ikafunguliwa: pini moja ya kutelezea imeganda kwa kutu, hivyo kushoto kulikuwa kunashika zaidi. Pini imesafishwa kwa msasa laini na kupakwa grisi ya silikoni, maana grisi ya kawaida huvimbisha mpira wake. Gari sasa linasimama mstari mmoja.

Nati za magurudumu, Nm 103, zitakazwa tena baada ya kilomita 100. Zinazofuata ni bushi za magurudumu ya nyuma, ambazo zimeanza kuonyesha nyufa.