Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa breli katika shule jumuishi

Saa 12:40 asubuhi

Mashine za Perkins kwanza, zile za kuandikia breli (maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole), kabla wanafunzi hawajaingia. Naingiza karatasi, nabonyeza vitufe vyote sita kwa pamoja mpaka mwisho wa mstari, kisha napitisha kidole. Nukta zote zinatakiwa ziwe na kimo kimoja. Nukta ileile ikififia katika kila seli (nafasi ya herufi moja yenye nukta sita: 1 hadi 3 zikishuka upande wa kushoto, 4 hadi 6 upande wa kulia), kasoro iko kwenye mashine. Zikififia ovyoovyo, mara nyingi karatasi imenyonya unyevu au ni nyepesi mno. Karatasi ya kawaida ya ofisi, ya gramu 80, haifai: nukta hutoboka, au hulala baada ya kusomwa mara chache. Natumia ya gramu 140 hadi 160. Vitabu vya breli navyo vinasimamishwa rafuni. Ukivirundika, uzito wa vya juu unabana nukta za vya chini.

Saa 1:10

Karatasi za hisabati. Mwanafunzi asiyeona anatakiwa awe na swali chini ya vidole wakati uleule wenzake wanapoliona ubaoni. Likifika baada ya kipindi, somo limeshampita, hata kama alikaa darasani muda wote.

Tarakimu za breli ni herufi a hadi j zikitanguliwa na alama ya namba, yaani nukta 3, 4, 5 na 6. Kwa hiyo 25 ni alama ya namba, b, e. Ukiisahau alama hiyo, mtoto anasoma "be", na atadhani kosa ni lake. Ndiyo maana kila karatasi naipitia upya kabla haijatoka chumbani.

Michoro ndiyo inayokula muda. Pembetatu ya leo ilibandikwa jana kwa uzi na gundi ili ikauke. Mapambo yote ya kitabuni yanaondolewa, yanabaki yale yanayoulizwa tu. Nafasi kati ya mstari na mstari isipungue milimita 3, la sivyo kidole kitahisi mstari mmoja mnene.

Saa 2:00

Darasani, pamoja na mwalimu wa somo. Maneno yanayoharibu kipindi ni "hii", "ile" na "hapa". Tumekubaliana kwamba kila anachoandika anakitamka: "tatu eksi jumlisha saba ni sawa na kumi na tisa." Wanaoona nao wanafaidika.

Mwenye uoni hafifu anakaa mbele, dirisha likiwa nyuma au ubavuni mwake. Mwenye ualbino hasa, mwanga unaompiga usoni unamfutia ubao mzima. Kusogea karibu ndicho kikuzaji cha bei nafuu kuliko vyote: umbali ukipungua nusu, maandishi yanaonekana makubwa maradufu. Ila maandishi makubwa si dawa ya kila mtu. Ambaye uwanja wake wa kuona umebana, kama ilivyo kwa baadhi ya wenye glakoma (ugonjwa wa macho), herufi kubwa zinamfanya aone silabi moja kwa wakati. Huyo anahitaji ukubwa wa wastani, wino mweusi na mwanga wa kutosha. Pima kwanza ndipo ukuze.

Saa 4:30

Anayeanza breli, dakika 30, si zaidi, kwa sababu vidole huchoka na hisia zake hupungua. Mikono yote miwili, vidole vya shahada vikitangulia, mguso mwepesi. Mtoto anayekandamiza anajipunguzia hisia. Anayesugua juu na chini hajaitambua herufi, basi narudi nyuma.

Sifundishi kwa mpangilio wa alfabeti. Herufi e ni nukta 1 na 5, i ni 2 na 4: kila moja ni kioo cha mwenzake. Vivyo hivyo d na f, h na j. Zikija siku moja, mkanganyiko unakaa miezi. Naanzisha moja, ikizoeleka ndipo pacha wake afuate.

Kibao na kalamu ya kutobolea vinakuja baadaye, kwa kuwa huko nukta zinatobolewa kwa nyuma, kutoka kulia kwenda kushoto. Naepuka maneno "kushoto" na "kulia", nasema "safu ya kwanza" na "safu ya pili" kwa kufuata mkono unakokwenda. Kosa la kugeuza herufi linapungua sana.

Saa 6:15 mchana

Fimbo nyeupe, ya kutembelea mwanafunzi asiyeona. Urefu wake ufike mfupa wa kifua. Mguu wa kulia ukienda mbele, ncha inagusa kushoto, kisha kinyume chake, upana ukizidi mabega kidogo. Wenzake wanakumbushwa wasimsukume. Yeye ndiye anayeshika mkono wa kiongozi juu ya kiwiko, nusu hatua nyuma. Wapo wanaoona mazoezi haya kama ya ziada, ilhali Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 24, unayataja pamoja na breli yenyewe.

Saa 7:40

Majibu ya breli yanaandikwa kwa wino juu ya kila mstari ili mwalimu wa somo asahihishe. Makosa ya tahajia yanabaki yalivyo. Ukimsahihishia kimyakimya, alama zitapanda na udhaifu hautaonekana.

Saa 9:00 alasiri

Kikao cha mzazi, kupitia mpango binafsi wa elimu. "Ataboresha kusoma" nalikata. Tunaandika: mwisho wa muhula atasoma aya ya maneno 50 bila msaada, akikosea yasiyozidi 5. Mama anauliza afanye nini nyumbani. Amwache mtoto afunge vifungo vyake mwenyewe, apange vijiko, achambue maharage kwa kugusa. Vidole vinavyofanya kazi hizo ndivyo vitakavyosoma.

Saa 10:00

Nazungukia walimu kuomba masomo ya kesho. Jiografia kuna ramani: mito kwa uzi, mipaka kwa nukta, bahari kwa karatasi ya msasa. Nabandika sasa, gundi inahitaji usiku mzima.