Mchanga wa dagaa

Jana naosha dagaa, maji ya tano, mwanangu kaegemea mlango wa jikoni ananiuliza, eti mama, kumbe mchanga wa dagaa ndo unaleta kidole tumbo? Nikajua tu bibi yake kashapiga simu. Yaani ma mdogo hajaacha, tangu 2011!

Enzi hizo Kirumba, Mwanza, tunakula dagaa wa kuanikwa mchangani kabisa, sio hawa wa kwenye chanja. Maumivu yalianzia kitovuni usiku, nikatapika, duka la dawa wakanipa vidonge vya vidonda vya tumbo, kesho yake yakahamia chini kulia nikawa natembea nimepinda kama kikongwe.

Ila chumba cha ultrasaundi sikisahau. Kiza, jeli ya baridi, daktari anakandamiza taratibu na kile kidude chake na akifika palepale natamani nimng'ate mkono. Akatuonyesha, utumbo mwingine ukiubonyeza unabonyea, hiki hakibonyei, mwisho kimeziba kama kidole cha glavu. Akakiangalia kwa upana, kama vile kimekatwa, yakatokea maduara moja ndani ya lingine kama kitunguu. Akapima, milimita 11, akasema kawaida haizidi 6. Na humo ndani punje nyeupe inang'aa, nyuma yake kivuli cheusi.

Ma mdogo karuka, "Mchanga huo! Sikusema?"

Daktari hata hakugeuka. "Hapana mama, hicho ni choo kimekauka kikawa kijiwe, kimeziba mlango wa kidole. Ute unajaa, bakteria wanazaliana, damu inashindwa kupita, tukichelewa kinaoza kinapasuka." Mimi nimelala pale jeli inanikaukia nasikiliza tumbo langu linatangazwa kama mpira wa redioni.

Ma mdogo kimya kidogo. "Sasa hicho choo si kimetokana na dagaa?"

Nikacheka. Aisee, usije ukacheka na kidole tumbo.

Nikapasuliwa usiku uleule. Wakanionyesha kwenye kikopo kabla hakijaenda maabara, kimevimba, chekundu, usaha umegandia juu, ncha imeanza weusi. Majibu yakaja baadaye, chembe nyeupe za damu zimejaa mpaka kwenye misuli ya ukuta wake. Mchanga hamna. Ma mdogo akasema wangeuonaje wakati ulishayeyuka.

Basi nikamwambia mwanangu hapana, hizo ni hadithi za bibi. Akaniangalia, akaangalia beseni.

"Mbona unamwaga unaweka maji mengine?"