Tangu Lini?

Somo: Marko 9:14-29

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Juma hili zamu ya kuandika tafakari imeniangukia mimi, na kusema kweli nilitaka kuikwepa. Nilishamwomba katibu wa jumuiya ampe mtu mwingine. Halafu nikafungua somo lililopangwa, nikakuta ni la yule baba aliyemleta mwanawe kwa Yesu. Nikajua hapa sichomoki.

Wengi mnamfahamu kijana wangu. Ana miaka 11. Mtaani kwetu hapa Tabora wamembatiza jina la Mwendokasi, na mimi nimekuwa Mama Mwendokasi. Hata muuza maandazi ananiita hivyo, naitika. Ndiye yule aliyepanda madhabahuni siku ya Pasaka akafungulia sauti ya kinanda mpaka spika zikapiga kelele na watoto wachanga wakaamka. Ndiye aliyevunjika mkono kwenye mwembe wa jirani, na wiki ya pili akaupanda tena akiwa na plasta. Ukimtuma dukani chumvi na sabuni, atarudi na habari ya ajali ya bodaboda, na hela mfukoni.

Sasa someni mstari wa 14 taratibu. Yesu anashuka mlimani, anakuta mkutano mkubwa, na waandishi wanajadiliana na wanafunzi. Mtoto yupo pale pale. Baba yake yupo. Watu wa dini wamezama kwenye mjadala. Yesu anawauliza, "Mnajadiliana nini nao?" na anayejibu ni baba, katikati ya mkutano, kwa sababu wenye mjadala wamenyamaza. Kisha mtoto anaanguka, anagaagaa chini, povu linamtoka, na Yesu hakimbilii kumkemea pepo. Anamgeukia mzazi: "Amepatwa na haya tangu lini?" Baba anasema, "Tangu utoto."

Andiko hili nalisikia tangu nikiwa shule ya Jumapili, na swali hilo lilikuwa linanipita tu. Macho yalikuwa yanakimbilia muujiza. Lakini ajabu iko hapo: anayejua yote anauliza, tena anasubiri ajibiwe.

Mimi kwa miaka minane nilipewa majibu kabla sijaulizwa swali. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," niliambiwa na mama mmoja huku ananishika bega kwa upendo kabisa. "Samaki mkunje angali mbichi." Sawa, lakini wangu alikuwa haishi kuruka, ungemkunjia wapi? Nilisomewa na Mithali 13:24, habari ya asiyetumia fimbo kumchukia mwanawe, na nikaitumia fimbo, wapendwa. Siwafichi. Nilimchapa asubuhi kwa kusahau daftari, na mchana akasahau tena, alama za asubuhi zikiwa bado mguuni. Siku hiyo ndiyo niliyoelewa kwamba simfundishi kitu. Nilikuwa napunguza hasira zangu.

Halafu ukaja usiku wa mizinga.

Ilikuwa mwezi wa tano mwaka jana. Saa nane usiku nikasikia msumeno. Nikaenda chumbani kwake, nikakuta godoro limesukumwa ukutani na chaga za kitanda zimekatwa vipande vya urefu mmoja, vimepangwa vizuri kama kazi ya fundi. Kidole gumba kilikuwa kinavuja damu, hana habari nacho. Alinieleza haraka haraka hadi mate yakamrukia kidevuni: anatengeneza mizinga 30, atakwenda kuitundika porini, asali ya Tabora itauzwa Marekani, tutanunua treni ya kwetu wenyewe, na mimi sitatembeza vitenge tena. Ulikuwa usiku wa tatu bila kulala kwa maana ya kulala. Asubuhi alikwenda shule akiimba, hana hata dalili ya uchovu. Mimi niliyelala nusu usiku ndiye nilikuwa nayumba.

Iliendelea hivyo kama siku kumi. Kisha akazimika, kama umeme unavyokatika. Akalala kwenye lile godoro akiangalia ukuta. Nilimpelekea uji, akasema bila kugeuka, "Mpe mdogo wangu, mama. Mimi sina faida." Mtoto wa darasa la tano.

Nikaomba msaada kanisani, nikapewa kilichokuwepo: mikesha. Mitatu mfululizo, kwa kufunga. Ndugu waliacha vitanda vyao kwa ajili ya mwanangu, na wengine ni ninyi mnaosoma hapa. Sitasahau, na nasema asante. Lakini lazima niseme na lililotokea: usiku wa tatu alianza tena kuongea haraka, akazunguka kanisa zima akigusa kila kiti, na alfajiri alikuwa juu kuliko siku ya mizinga. Tukasema pepo anashindana. Baadaye daktari alinieleza kwamba kwa mtu mwenye hali kama hiyo, kukosa usingizi peke yake kunaweza kumpandisha. Kumbe tulikuwa tunamwombea huku tunamnyima dawa.

Najua kuna atakayeniuliza, na pepo je? Si andiko lenyewe linasema pepo? Linasema. Ila msome na Mathayo 4:24, pale walipomletea Yesu wagonjwa wa kila namna: wametajwa wenye pepo, wametajwa wenye kifafa, wametajwa wenye kupooza, kila kundi na jina lake. Mwinjili hakuwaweka kapu moja. Sisi ndio tumekuwa wavivu wa kutofautisha.

Tukafunga safari ya Mwanza, kwenye hospitali ya rufaa: mimi, baba yake, mama mkwe wangu aliyekuja kusaidia kumshika kijana njiani, na mfuko wa michembe. Daktari wa magonjwa ya akili alikuwa dada mdogo tu, nilidhani ni mwanafunzi. Alimpa kijana karatasi na kalamu achore. Kisha akanigeukia mimi, akauliza, "Haya mama, yameanza tangu lini?"

Nililia kabla sijajibu. Mume wangu akadhani nimepokea habari mbaya.

Tulikaa zaidi ya saa nzima. Alitaka kujua alianza kutembea lini, anakaaje mezani, shuleni wanasemaje, kanisani anakuwaje. Akafafanua kwa nini anauliza hivyo: ile hali wanayoiita ADHD, ya mtoto kushindwa kutulia, kukaza mawazo na kujizuia, haipimwi kwa damu. Wanaitafuta kwenye historia. Dalili lazima ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12, ziwe zimedumu miezi sita au zaidi, na ziwepo mahali pawili au zaidi, nyumbani na shuleni kwa mfano. Mtoto anayesumbua kwa mwalimu mmoja tu hiyo ni habari nyingine. Na hailetwi na malezi. Kwa sehemu kubwa inarithiwa, mtoto anazaliwa nayo. Wanaoniambia haya ni ya simu na katuni, niliwatafutia jibu: daktari wa watoto aitwaye George Still aliwaeleza watoto wa namna hii mbele ya madaktari wenzake London mwaka 1902. Reli ilikuwa bado miaka kumi kufika Tabora.

Kisha akauliza juu ya ile mizinga, na hapo akapunguza mwendo. Akauliza, kwenye ukoo kuna mtu ambaye hupanda na kushuka? Mume wangu akaangalia sakafu. Aliyejibu ni mama mkwe, kwa sauti ya chini: "Yupo. Mdogo wangu, kule Sikonge." Mwaka mmoja aliuza ng'ombe wawili, akagawa fedha yote mnadani huku akiimba, kisha msimu mzima wa kulima akajifungia ndani, hasemi na mtu. Ukoo ulisema amelogwa, na habari ikafungwa hapo. Nimeolewa kwenye nyumba ile miaka 14, sikuwahi kuisikia. Sikumkasirikia mume wangu. Nadanganya, nilimkasirikia tangu Mwanza hadi Shinyanga.

Lakini angalieni swali lile limefika wapi. "Tangu utoto," baba wa kwenye Marko alijibu. Sisi jibu letu lilianzia kabla mtoto hajazaliwa, na tulikuwa tumelifungia sandukuni kwa sababu ya aibu.

Daktari hakutupa jina la pili. Alisema ADHD anaiona wazi. Baipola, ule ugonjwa wa kupanda na kushuka, anaishuku, ila kwa umri huu hatakimbilia kuiandika, kwa kuwa mara nyingi ugonjwa huo hujitokeza wazi mtu akiwa kijana mkubwa, na watoto wenye ADHD nao wana hasira za ghafla na hisia za kurukaruka. Alinipa namna ya kutofautisha ambayo hata mama mkwe aliielewa: ADHD haina msimu, iko hivyo leo, kesho na mwakani. Baipola ina misimu, siku au majuma ya kupanda ambapo mtoto si yule unayemjua, halali na wala hachoki, kisha majuma ya kushuka. Dawa ya kusaidia umakini ipo, inaitwa methilifenideti, lakini akasema kama kweli kuna baipola nyuma yake, dawa hiyo inaweza kumpandisha. Hivyo tutulize kwanza usingizi na tuangalie. Akanipa kazi ya kununua daftari. Kila siku niandike amelala saa ngapi, ameamka saa ngapi, na hali yake kwa neno moja.

Kwa hiyo jibu letu mpaka leo ni "huenda". Mnajua ugumu wa kuomba juu ya huenda? Kwenye ushuhuda wa Jumapili hakuna mtu anayesimama akasema, "Bwana amenitendea, huenda." Ndiyo maana yule baba ni ndugu yangu. "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Alisema vyote viwili kwa pumzi moja, na Yesu hakumrudisha nyumbani akachague kimoja kwanza.

Na kuna neno jingine la yule baba ambalo sijawahi kulisikia likihubiriwa. Mstari wa 22 anasema, "utuhurumie, na kutusaidia." Anayegaagaa ni mtoto, lakini baba anaomba kwa wingi. Sisi. Yeye hali, halali, amemtoa mtoto motoni na majini mara ambazo hazihesabiki. Ugonjwa umeshaingia nyumba nzima. Mkija kwangu mnauliza, "Kijana anaendeleaje?" Vizuri, asanteni. Hakuna anayemuuliza mdogo wake wa miaka saba, ambaye amejifunza kula haraka na kuficha vitu vyake.

Kwa vitendo nimepata msaada kwa watu wachache, na hawakuja na maneno mengi. Mwalimu wake wa sasa ana darasa lililojaa hadi dirishani, lakini alimtoa nyuma akamweka mbele, na ndiye anayemtuma kukusanya madaftari ili apate sababu halali ya kusimama. Anampa agizo moja, akimaliza anampa la pili. Kuna mzee mmoja, hapendi kusifiwa kwa hiyo simtaji, kila Jumamosi anamchukua kwenda kuangalia mizinga yake, mizinga ya kweli. Kwa nyuki kijana anatulia kuliko kanisani. Sijui nilichukulieje hilo. Kwa muda wa saa tatu anazokuwa huko, mimi nalala. Mstari wa 27 unasema Yesu alimshika mkono, akamwinua. Jumamosi huwa naufikiria mkono wa mzee yule.

Jambo moja nalisema bila kuzunguka. Mtoto akitamka kwamba anatamani kufa, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga, hilo halisubiri mkesha wala Jumapili. Siku hiyo hiyo mpelekeni hospitali, msimwache peke yake, na zile dawa za kuulia wadudu wa tumbaku na pamba tunazoweka chini ya kitanda zitoke nyumbani. Maombi yataendelea njiani.

Daftari letu limefika ukurasa wa 40. Kila jioni naandika kwenye meza ya jikoni, naye anachungulia. Jumatatu: kalala saa tatu, kaamka saa kumi na mbili, mchangamfu. Jumanne: kalala saa nne, kaamka saa kumi na moja, mkali. Jumatano nilisinzia pale pale mezani kalamu ikiwa mkononi. Asubuhi nilikuta amejaza mwenyewe, kwa mwandiko wake unaopanda mlima. Mstari wake kauandika: nimelala saa tatu, nzuri. Chini yake kachora mstari mwingine kwa rula, kitu ambacho huwa hana subira nacho, akaandika: Mama hajalala vizuri. Amechoka.