Nilivyoipitia upya hukumu niliyompa mwenzangu mezani

Kazini kwetu tunakunywa chai pamoja kabla ya kazi kuanza. Meza ni moja, ndefu, na kila mtu anakaa anapopata nafasi. Ninaupenda sana muda huo. Mengi ninayoyajua kuhusu wenzangu nimeyajulia hapo, si kwenye vikao.

Siku moja akaja dada mmoja mgeni, ameajiriwa kitengo cha jirani. Tulikaa bega kwa bega katikati ya meza. Nikamsalimu: "Habari za asubuhi?" Kimya. Nikarudia kwa sauti ya juu kidogo. Kimya tena, na macho yake yako kwa watu wa upande wa pili. Kabla sijamaliza kukoroga chai yangu, kesi nilikuwa nimeshaimaliza: huyu ana maringo.

Asubuhi zilizofuata zikawa kama ushahidi. Akifika mapema hukimbilia kiti cha mwisho kabisa, kile kilichobanana na ukuta, nami nikasema anajitenga. Akikikosa kiti hicho hukaa katikati, na wapo wanaomsemesha asiwajibu hata neno, nami nikasema anachagua watu. Kila alichofanya kilikuwa na jina tayari.

Haraka ya namna hii wanadamu tunayo wote. Mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton walichapisha utafiti ambamo watu walionyeshwa sura wasizozijua kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde tu, wakaulizwa kama mwenye sura hiyo anaaminika, anapendeka, au ni mkali. Muda huo uliwatosha kuamua. Walipoongezewa muda wa kutazama, hukumu zao kwa sehemu kubwa zilibaki zilezile. Kilichopanda ni uhakika wao. Hapo ndipo nilipojiona mimi. Tunadhani kukaa na mtu kwa muda kutaturekebishia mawazo, kumbe muda peke yake unaweza kuyakaza.

Kilichonistua ni maneno ya mwenzetu mwingine. Watu walikuwa wanamzungumzia yule dada, mmoja akasema anajisikia sana, mwingine akashangaa kwelikweli: "Yule? Mbona mcheshi! Jana tumecheka naye mpaka chai imepoa." Meza ni ileile na asubuhi ni ileile, lakini walikuwa wanasimulia watu wawili tofauti. Sikuweza kulipita jambo hilo. Kama ni maringo, mbona yanaonekana na nusu ya meza tu?

Nikaamua kufanya jambo moja, na ndilo ninalotaka kulieleza hasa. Nilianza kutenganisha kile macho yangu yamekiona na kile nilichokiongeza mwenyewe. Ukijaribu utagundua si rahisi. "Alinipuuza" inasikika kama jambo lililoonekana, lakini halikuonekana. Kilichoonekana ni kwamba nilisema, na yeye hakugeuka. "Anajitenga" hakuna aliyeiona. Kilichoonekana ni mtu aliyekaa kwenye kiti cha ukutani. Kila niliposhika sentensi yangu moja na kuivua nyongeza, kilichobaki kilikuwa kidogo mno kuweza kumhukumia mtu tabia.

Baada ya hapo nikaanza kuangalia upya, na safari hii nilimwangalia kila mtu pale mezani. Nani anajibiwa? Amekaa wapi? Waliosema ni mcheshi walikuwa wamekaa kulia kwake, au wanatazamana naye. Waliolalamika walikuwa kushoto, au walimsalimu wakipita nyuma yake. Na kile kiti cha ukutani, alipokikalia, ukuta ulikuwa kushoto kwake.

Kisha asubuhi moja mfuniko wa birika ukaanguka sakafuni, upande wa kushoto, kwa kishindo. Meza nzima tuligeuka kushoto. Yeye alishtuka kama sisi, ila aligeuka kulia. Akatafuta kwa macho, akaona nyuso zetu zinaangalia wapi, ndipo akafuata. Lilikuwa tukio la kufumba na kufumbua, na nadhani mimi peke yangu niliyeliona, kwa sababu nilikuwa natafuta.

Ubongo hujua sauti inatoka wapi kwa kulinganisha masikio mawili: sauti imefika wapi kwanza, na wapi imesikika kwa nguvu zaidi. Mwenye sikio moja linalofanya kazi hukosa cha kulinganisha. Anasikia kwamba kitu kimeanguka, lakini hajui wapi. Tena kichwa chenyewe huizuia sauti inayotoka upande wa sikio lisilosikia, hasa zile sauti nyembamba kama s, f na t, ambazo ndizo zinazotofautisha neno na neno. Weka juu yake vijiko, viti vinavyoburutwa na watu wanaozungumza kwa pamoja, na salamu ya upande huo inapotea kabisa.

Hata hivyo sikumwendea nikamwambia nimegundua siri yake. Hilo lilinichukua muda kuliamua, na bado naona niliamua sawa. "Huyu hasikii" nayo ilikuwa dhana yangu, kama "ana maringo" ilivyokuwa. Ilikuwa na upole zaidi, lakini upole hauigeuzi dhana kuwa kweli, na kumhurumia mtu kwa jambo ambalo hajakwambia ni njia nyingine ya kumwamulia alivyo. Nilichoweza kufanya bila kumgusa ni kuhama kiti.

Kesho yake nilizunguka meza, nikasimama kulia kwake.

"Samahani dada, hapa pana mtu?"

"Hapana, karibu. Wewe ndiye wa hesabu, eti? Nimekuwa nataka kukuuliza kuhusu fomu za safari."

Tukazungumza mpaka muda ukaisha. Alikuwa mtu wa maswali, mwenye kicheko cha haraka, na alijua mengi kuhusu kazi yangu kuliko nilivyojua mimi kuhusu yake.

Habari ya sikio aliitoa mwenyewe, muda mrefu baadaye, tena kwa kupita tu. Aliugua matubwitubwi utotoni na sikio la kushoto halikupona. Kiti cha ukutani anakipenda kwa sababu upande huo hakai mtu, hivyo hakuna atakayesemeshana na sikio lisilosikia. Akaniambia kinachomchosha zaidi ni kazi ya kukisia: nani amesema, amesema nini, nicheke sasa au nisubiri. Baada ya kikao kirefu kichwa kinamuuma. Nilifikiria ule utulivu wake niliokuwa nauita maringo. Alikuwa anafanya kazi ngumu kabla kazi haijaanza.

Mwaka 1977 Lee Ross, mwanasaikolojia wa Marekani, alilipa jina kosa letu la kueleza matendo ya wengine kwa tabia zao na kuisahau hali waliyomo. Watu wengi hulifikiria kosa hilo kwa mambo makubwa. Mimi nimeliona kwenye mpangilio wa viti. Hali iliyokuwa inamnyima mwenzangu salamu ilikuwa kelele, na upande niliokalia.

Sasa, kuna mwenzetu mmoja ambaye bado hampendi. Anasema alimsalimu mara nyingi na hakujibiwa, na hasemi uongo. Swali la kumfanyia nini lilinisumbua, kwa sababu maelezo yapo na yangemaliza ubishi kwa sentensi moja. Lakini sentensi hiyo si yangu. Nilimuuliza dada mwenyewe kama angependa watu wajue, akasema wachache wanatosha, wengine atawaambia akiona inafaa. Kwa hiyo mwenzetu akinilalamikia, simwambii sababu wala simgombezi. Ninamuuliza alikuwa amekaa wapi. Juzi alinijibu, "Kwani inahusu nini?" Nikamwambia kesho anipishe kiti chake, yeye akae changu. Alikubali shingo upande, na sijui kama wataelewana.