Rotata ya kamera ilipokataa kufika kwenye pembe niliyoitaka

Nebula ya Lagoon na Nebula ya Trifid, mawingu mawili ya gesi na vumbi angani yanayoitwa pia M8 na M20, zimepangana karibu kabisa kaskazini-kusini katika kundinyota la Mshale, na vitovu vyake vimeachana kwa takriban nyuzi 1.4. Darubini yangu ina urefu wa fokasi wa milimita 600, na sensa ya kamera ni milimita 23.5 kwa 15.7. Ukipiga hesabu, fremu inafunika anga la nyuzi 2.2 kwa 1.5 hivi. Upande mrefu ukielekea kaskazini-kusini, zote mbili zinaingia na nafasi inabaki. Ukielekea mashariki-magharibi, lazima moja ikatwe. Rotata, kifaa chenye mota kinachokaa kati ya darubini na kamera na kuizungusha kamera, niliitafuta kwa ajili ya picha za namna hii, ambazo unazikusanya usiku hadi usiku na kila usiku kamera inapaswa kurudi kwenye pembe ileile.

Niko nje kidogo ya Dodoma. Julai anga letu ni kavu, na usiku wa manane unapokaribia Mshale huwa juu sana, karibu na utosi. Huo ndio msimu wenyewe, na ndio wakati rotata ilipoanza kunisumbua.

Kazi ya programu ya kompyuta inayoendesha vifaa ni hivi: inapiga picha fupi, inalinganisha nyota zilizomo na katalogi, inajua kamera imelala kwa pembe gani ukipima kutoka kaskazini kuelekea mashariki, kisha inaiagiza rotata imalizie kiasi kilichobaki. Halafu inapiga picha nyingine kuhakiki. Kwangu picha ya kwanza ilionyesha tofauti ya nyuzi 12. Rotata ikazunguka. Picha ya pili ikaonyesha 24, ya tatu 48. Hapo nikasimamisha kila kitu kabla nyaya hazijajisokota.

Tofauti inayojizidisha mara mbili kila hatua ni dalili nzuri kuliko inavyoonekana, kwa sababu inakuambia kwamba mota inazunguka kiasi sahihi kabisa, ila kwa upande usio wake. Adapta za darubini hii zilinilazimu kuifunga rotata ikiwa imegeuzwa, sehemu inayozunguka ikatazama darubini badala ya kamera. Ukiifunga hivyo, mzunguko wa kufuata saa unakuwa kinyume cha saa. Kwenye mipangilio ya draiva, programu ndogo inayoiunganisha rotata na kompyuta, kuna kisanduku cha kugeuza mwelekeo. Nikakiwekea alama, nikaisawazisha upya na anga, yaani nikaifanya namba yake ilingane na pembe iliyosomwa kwenye picha, na tofauti ikashuka.

Ilishuka, lakini haikuisha. Mara ilikosa kwa nyuzi 2, mara 3, na haikuwa na mpangilio niliouona. Nyuzi 3 si kidogo: ukipanga picha za usiku mmoja juu ya za usiku mwingine, pembe zote nne za fremu zinaliwa.

Jambo ninalotaka kila anayemiliki kifaa hiki alielewe ni kwamba rotata haina jicho. Namba inayoonyesha ni hesabu ya hatua za mota tu. Kamera ikiteleza mbele ya mota, namba ile haitabadilika hata chembe. Kwa hiyo nilianza kuandika namba mbili sambamba, pembe ya mota na pembe ya anga, na kufuatilia tofauti kati yake. Ingekuwa haibadiliki, kusawazisha mara moja kungetosha. Yangu ilikuwa ikihama.

Kinachohama kina washukiwa wachache: umeme hafifu unaoifanya mota iruke hatua, meno ya gia yenye nafasi, au kitu kinachoteleza. Umeme niliupima kwa multimita kipoza cha kamera kikiwa kimewashwa, ukawa sawa. Gia nilizipima kwa kuifikia pembe ileile daima kutoka upande mmoja. Kama tatizo lingekuwa nafasi ya meno, tofauti ingetoweka. Haikutoweka.

Jaribio lililotoa jibu lilifanyika mchana, na ningelishauri kwa yeyote. Nilibandika vipande vya selotepu kwenye rotata na kwenye adapta ya kamera, nikachora mstari mmoja wa kalamu unaopita juu ya vyote. Nyaya zikiwa zimechomolewa, niliizungusha nyuzi 90 kwenda na kurudi: mstari ukabaki umenyooka. Nilipochomeka waya wa USB na wa umeme, shemeji yangu akachuchumaa pembeni kuangalia nami nikawa kwenye kompyuta. "Shemeji, simamisha," akasema, "mstari umeachana." Waya wa USB, mnene na mgumu, ulikuwa ukikaza kwenye pembe fulani na kuivuta kamera. Skrubu tatu ndogo zinazoibana adapta hazikuweza kushindana nao.

Nilikaza skrubu zile, nikaweka waya mwembamba na laini, nikaufunga kwa velkro kwenye mwili wa darubini na kuacha kitanzi kipana kabla haujafika kwenye kamera. Kwenye programu nikaubana mzunguko usizidi nusu duara. Fremu ya mstatili ni ileile kwenye 0 na kwenye 180, hivyo kuizungusha zaidi ni kuutafutia waya matatizo. Kwa sababu hiyohiyo, darubini inapogeuka baada ya shabaha kuvuka meridiani, mstari wa kaskazini-kusini unaopita utosini, siiruhusu rotata iguse chochote. Flati zangu, picha za mwanga sare zinazotumika kufuta vivuli na madoa ya vumbi, zinabaki halali, kwa kuwa vumbi la kwenye lenzi halijahama likilinganishwa na sensa.

Darubini yangu ya mwongozo, ile ndogo inayofuatilia nyota moja ili darubini kuu isiyumbe, iko peke yake pembeni. Ambao kamera yao ya mwongozo inazunguka pamoja na rotata wana kazi ya ziada: ama wairekebishe upya kila pembe inapobadilika, ama waiunganishe rotata na programu ya mwongozo ili ijirekebishe yenyewe.

Tofauti sasa haifiki nusu nyuzi, usiku hadi usiku. Naendelea kuongeza saa kwenye M20, maana ile buluu ya upande wake wa kaskazini ni hafifu na inadai muda mrefu.