Burley ya Nkambo

Mzigo wa kilo mbili uliingia Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Ijumaa jioni, mwezi wa saba, umefungwa kwa kitenge kikuukuu. Kabla haujafunguliwa, nyumba nzima ilikuwa imeshajua kilichomo. Burley ni tumbaku, lakini ikiwa kavu hainuki kama ile ya pakiti. Inanuka ganda la karanga na nyasi za paa, na chini kabisa kuna kitu kinachochoma pua, kama banda la kuku asubuhi. Hicho cha mwisho ni amonia, na ndicho kilichotusumbua siku zote tatu.

Mjomba alikuwa ameitoa upande wa Chipata, mashariki ya Zambia, alikofanya kazi kwenye mabani ya kukaushia tumbaku kwa misimu kadhaa, akavuka nayo mpaka wa Kasumbalesa. Alikuwa amemletea Nkambo, babu yetu, ambaye tangu astaafu mgodini alivuta kiko kimoja tu, cha mzizi wa kichaka cha bruyeri kutoka Saint-Claude kule Ufaransa. Ndani yake alikuwa amevuta kwa miaka tumbaku ya pakiti yenye harufu ya vanila. Sasa ile pakiti ilikuwa haionekani tena madukani, na Nkambo alikuwa anakata tumbaku ya kusokotwa ya soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, anakohoa, anatukana.

Majani yalikuwa yamefungwa mafungu, kila fungu majani kama ishirini, limefungwa shingoni kwa jani moja lililokunjwa. Rangi yake ilikuwa ya kahawia isiyong'aa, kama udongo mkavu, bila doa la kijani wala la njano. Mjomba alifungua mafungu matatu na kuyageuzageuza karibu na taa. Jani la burley lenye mabaka ya njano limekauka haraka kupita kiasi, na ukali wake hautoki hata ulifanyie nini. Lenye weusi wa utelezi lilibanwa mahali pasipo hewa likaanza kuoza.

Hapa lazima nieleze jambo, maana ladha yote ya burley inatoka bani. Wakulima wa Tanzania wana majina mazuri kwa hili: tumbaku ya mvuke, tumbaku ya moshi na tumbaku ya hewa. Virginia, aina nyingine ya tumbaku, ni ya mvuke. Inaingizwa kwenye joto na kukauka ndani ya wiki moja hivi, kwa hiyo sukari ya jani inafungiwa humo humo na jani linabaki la dhahabu. Burley ni ya hewa. Mmea unakatwa mzima na shina lake, unatundikwa kwenye bani lenye kuta zinazopitisha upepo, unakaa wiki nne hadi nane. Muda huo jani bado linapumua, na kwa kuwa halina jua wala maji linakula akiba yake lenyewe. Linapofikia kuwa la kahawia, sukari imekwisha, haifiki hata asilimia moja. Linabaki na nikotini nyingi na ladha kavu ya karanga. Tena jani linakuwa na matundu matundu kama sifongo, linanyonya chochote unacholipatia: asali, kakao, hata harufu ya sabuni ukiliweka karibu na sabuni. Ndiyo maana viwanda vya Marekani viliipenda burley nyeupe tangu mche wake wa kwanza, uliopungukiwa na ukijani, ulipoonekana Ohio mwaka 1864.

Nkambo hakutaka kusikia habari za Ohio. Alisokota jani moja kwa vidole, likavunjika unga. Mwezi wa saba Lubumbashi ni hivyo: asubuhi baridi, mchana upepo wenye vumbi, hewa kavu kabisa. Akakusanya ule unga, akaujaza kwenye kiko, akawasha.

Pumzi tatu zilitosha. Ya kwanza alikunja uso, ya pili akatokwa machozi, ya tatu akashikwa na kwikwi iliyokataa kutoka. Mama akamletea chai yenye vijiko vinne vya sukari, nayo ilisaidia. Kitu kitamu ndicho wavutaji wa kiko hukimbilia nikotini inapowapanda kichwani.

"Tumbako ya Zambia ni mubaya," Nkambo alisema.

"Hapana, Papa," Mjomba akajibu, taratibu, kwa sababu ni baba yake. "Si tumbako njo inakuuma. Ni haraka."

Alikuwa na haki, ingawa sababu zilikuwa mbili. Kwanza, unga mkavu unaungua kama karatasi: hewa nyingi inapita, moto unapanda, mrija unapata joto, ulimi unalipa. Pili, moshi wa burley una alkali, wakati ule wa Virginia una asidi. Nikotini iliyo kwenye moshi wa alkali inapenya ngozi ya ndani ya mdomo bila mtu kuvuta hata kidogo mapafuni. Virginia ikikuunguza unahisi kidonda ncha ya ulimi. Burley inakuuma kwa namna nyingine: koo linakauka, kaakaa linakuwa kama limepakwa chokaa, halafu tumbo linageuka.

Usiku ule ule kiko cha bruyeri kilitolewa kazini. Mjomba alikikagua kwa tochi: kaboni ya ndani ilikuwa nene karibu milimita tatu, shimo limebaki dogo kama la kidole cha mtoto. Kaboni inahitajika, inalinda mti usiungue, lakini unene wa sarafu unatosha. Ikizidi, inapopata joto inatanuka kuliko mti, na kiko kinapasuka. Aliikwangua kwa kisu butu, akizungusha pole pole, hakugusa mti. Ile vanila ya miaka mingi aliitoa kwa pamba: alijaza pamba kwenye chungu cha kiko, akadondoshea lutuku, pombe kali ya kienyeji, ile ya mwanzo inayotoka kwenye mtambo, hadi pamba ikalowa, akakiacha kimesimama mpaka asubuhi. Watu wengine hujaza chumvi badala ya pamba. Mjomba alikuwa haipendi chumvi, alisema ameona viko viwili vimepasuka kwa chumvi iliyoingia kwenye ufa. Asubuhi pamba ilitoka ya kahawia, inanuka keki. Kiko kikaachwa wazi kikauke hadi Jumapili.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kazi.

Kulainisha kwanza. Jani kavu haligusiki, kwa hiyo sufuria ya maji ilibandikwa kwenye mbabula, jiko la makala (makaa), majani yakawekwa juu ya kichujio, yakapigwa mvuke kwa dakika chache tu, mpaka yakawa kama kitambaa cha zamani. Baada ya hapo ukavuta mshipa wa katikati kuanzia nchani, unatoka kama uzi wa maharage. Mshipa ni kama robo ya uzito wa jani, au zaidi. Hauna ladha, unaungua vibaya na kupigapiga. Tulianza na nusu kilo tukabaki na gramu mia tatu na hamsini hivi. Watoto walipewa mishipa waitupe, wakaifanya mijeledi.

Halafu mchuzi. Hesabu ya Mjomba ilikuwa: maji nusu kikombe cha chai, asali ya pori vijiko viwili, kakao isiyo na sukari kijiko kimoja, vyote vikoroge vikiwa vya moto. Unanyunyizia kwa mkono, unageuza, unanyunyizia tena, jani linyonye hadi lisiache unyevu kiganjani. Sukari ya asali inalipa kidogo deni lile la bani. Ikiungua inatoa asidi, nayo inapunguza makali ya ile alkali. Ukizidisha, umetengeneza peremende inayochemka.

Na tulizidisha. Binamu yangu aliona mchuzi umeisha mapema na majani hayajang'aa, akaongeza kikombe kizima kwenye fungu la pili, akidhani anasaidia. Kwa kuwa burley inanyonya, haikuonekana. Jani halikudondosha tone. Tuligundua baadaye.

Baada ya mchuzi, joto. Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, nayo ndiyo inayotoa banda la kuku. Viwanda vina mashine zake ndefu za kukaushia burley, sisi tulikuwa na sufuria mbili. Ndogo yenye majani, imefunikwa, ndani ya kubwa yenye maji yanayochemka, saa mbili juu ya makala. Kila nusu saa Mjomba alifungua kifuniko, akageuza uso pembeni, akaacha ule mvuke unaochoma macho utoke. Kisha majani yakatandazwa membamba kwenye karai kavu, makala machache tu chini, yakageuzwa kwa mkono bila kuachwa. Kama mkono wako haustahimili karai, moto ni mkali. Baada ya robo saa harufu ilibadilika ghafla. Amonia ilikatika, ikaja karanga iliyokaangwa, halafu kakao. Mama alitoka jikoni kuuliza nani anaoka mkate.

Fungu la kwanza lilikatwa nyuzi nyembamba za milimita moja hivi, kwa kisu cha mboga, majani yakiwa yamekunjwa kama sombe, majani ya muhogo, inavyokunjwa. La pili likakatwa vipande vya mraba, upana wa punje ya mahindi. Mkato si urembo. Nyuzi zinawaka haraka na kutoa ladha yote mapema, vipande vya mraba vinaungua pole pole, moshi wake ni wa baridi zaidi, ila vinahitaji kuwashwa mara mbili tatu.

Jioni Mjomba alijaribu lile la pili kwenye kiko chake cha gunzi la mahindi, ambacho ni kiko cha kujaribia kwa sababu hakina kumbukumbu. Kikalia. Glo glo glo, kama mtu anayemaliza soda kwa mrija. Moto ukazima. Akawasha, ukazima. Kila anapowasha anavuta kwa nguvu, na anachovuta ni mvuke wa asali, unaounguza kuliko moshi. Akaimimina yote kwenye sinia, akamtazama binamu yangu, hakusema neno.

Kipimo cha unyevu alichotufundisha pale ni hiki, na sijapata kilicho bora kwa mtu asiye na mashine: finya kiasi kidogo kwa vidole vitatu, uachie. Ikibaki donge, ni mbichi. Ikilia kama majani makavu, imekauka. Ikifunguka yenyewe polepole, kama mtu anayejinyoosha asubuhi, ijaze. Kwa namba ni kama asilimia kumi na mbili au kumi na tatu ya maji.

Jumapili baada ya misa kiko cha bruyeri kilikuwa kikavu, hakinuki vanila wala lutuku. Mjomba alijaza nyuzi hadi nusu tu ya chungu, kwa kuwa kiko kilichokwanguliwa kinarudishiwa kaboni kidogo kidogo, na burley ndiyo inayoijenga vizuri, ngumu na sawia. Alidondosha nyuzi bila kushindilia, akabonyeza kidogo, akaongeza, akabonyeza tena. Kabla ya kuwasha alivuta hewa tupu: iwe na ukinzani kidogo sana. Kiberiti kikaachwa kiungue kwanza kichwa chake cha kemikali. Moto wa kwanza ukazungushwa juu, nyuzi zikainuka, zikalazwa kwa ncha ya msumari bapa. Moto wa pili ndio wa kuvutia.

Nkambo alikipokea kwa mashaka. Mjomba akamwambia, "Papa, kunywa kama chai ya moto." Yaani pumzi fupi, halafu ngoja. Nani huvuta chai ya moto kwa nguvu?

Ladha yenyewe, maana niliionja mimi pia. Mwanzoni ni kama hakuna kitu, na hapo ndipo watu huongeza mvuto na kujiharibia. Baada ya dakika tano inakuja karanga ya kukaanga, ile iliyoachwa kidogo zaidi motoni. Halafu ukoko wa bukari, yaani ugali, uliobaki chunguni. Kakao inasikika kwa pua zaidi kuliko kwa ulimi, ukitoa moshi puani pole pole. Asali haisikiki kama asali. Kazi yake ni kulainisha kingo. Chini ya yote kuna uchungu mdogo wa kahawa, na robo ya mwisho ya kiko unapanda, nikotini ikikusanyika huko. Mwenye busara anaiacha hapo. Majivu yalikuwa meupe ya kijivu, mepesi, yakipulizwa yanaruka. Majivu ya nyuzi za burley yakitoka meusi yenye uvimbe, ujue tumbaku ilikuwa mbichi au mkono ulishindilia mno.

Nusu chungu kilidumu dakika ishirini na tano. Hakuna kwikwi. Mama alisema moshi ni moshi, na kwamba kansa ya mdomo haiulizi kama umetia asali. Hakuna aliyembishia, na ni kweli.

Nkambo alikigonga kiko kiganjani, akachungulia ndani, akauliza kama lile fungu la binamu limetupwa. Lilikuwa halijatupwa. Mjomba aliona dhambi kutupa jani lote lile, akalifunga kwa kitambaa cha pamba, akalibana kati ya mbao mbili chini ya matofali sita nyuma ya nyumba, lishikamane liwe mche, kama wa sabuni, wa kukatwa vipande. Jumatatu akarudi Zambia.

Mwezi wa tisa tuliufungua. Kingo zilikuwa safi, nyeusi kama chokoleti, zinanuka tende. Kisu kilipofika katikati kilikutana na manyoya ya kijivu, harufu ya kisima. Maji yale ya kikombe cha ziada yalikuwa yamebanwa huko huko ndani, hayakupata pa kutokea. Binamu alitaka tukate kingo tubakize. Nkambo akakataa, akauchukua mche mzima, akaenda kuufukia chini ya mpapai.